Giaboksi ya oto imeanza kuteleza: niifungue mwenyewe au la?

Maswali haya ni ya mwenye gari Malindi, Watamu, Mambrui, au upande wa Mokowe na Mpeketoni, ambaye ana spana zake, amewahi kufunga breki na hata kushusha injini, na sasa oto, yaani giaboksi inayobadilisha gia yenyewe, inateleza: injini inalia lakini gari halipati mwendo. Watu wengi huanza kwa kuuliza "je, naweza kuifungua?" Kufungua si kazi kubwa, saklipi (pete za chuma za kubania) na bolti hutoka. Linalostahili kuulizwa kwanza ni kama giaboksi imekufa kweli, na kama imekufa, ni kitu gani kilichoiua. Asiyejua kilichoiua ataiunda upya vizuri kabisa, kisha ataiua tena kwa sababu ile ile.

Nitajuaje kwamba tatizo ni la ndani, si la nje?

Anza na oili. Kwenye Toyota za dipstiki (kijiti cha kupimia oili), gari liwe limepashwa moto kwa mwendo wa kweli, oili ifike nyuzijoto 70 hadi 80. Simama mahali tambarare, injini ikiwaka, kanyaga breki, pitisha mkono wa gia kila mahali kutoka P hadi L na kurudi P, ndipo upime upande ulioandikwa HOT. Ukipima injini ikiwa imezimwa, kipimo ni cha uongo. Oili ikipungua hata lita moja, gari linaweza kuteleza kwenye kona, kuchelewa kushika D asubuhi, na kukufanya uamini kuwa klachi za ndani, yaani pleti zinazobanana ili gia ishike, zimekwisha.

Tia tone kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu au kahawia iliyokolea kidogo ni kawaida ya oili iliyozeeka. Nyeusi yenye harufu ya kitu kilichoungua ni pleti za klachi. Ikiwa kama maziwa ya stroberi, kuna maji ndani. Hilo lina swali lake hapo chini.

Halafu soma misimbo ya hitilafu kwenye kompyuta ya gari. P0750 na P0755 zinahusu solenoidi (valvu za umeme) za kubadilisha gia, P0715 ni sensa ya kasi ya mhimili wa kuingilia, P0741 ni kufuli ya konvata (ngoma ya oili inayounganisha injini na giaboksi), P0730 ni uwiano wa gia usiolingana na unaotarajiwa. Misimbo minne ya kwanza inaweza kusababishwa na waya au plagi tu, na hapa pwani plagi za chini ya gari huota kutu ya kijani kwa chumvi. Chomoa plagi ya giaboksi, pima kwa multimita. Solenoidi za kuwaka na kuzima kwenye oto nyingi za Toyota za gia nne huwa na omu 11 hadi 15 kwa nyuzijoto 20. Ile ya kudhibiti presha, SLT, huwa karibu omu 5. Ukipata sifuri au mkato kabisa, umekipata kilichoharibika, na solenoidi hubadilishwa kwa kushusha sampu (sufuria ya oili chini ya giaboksi) tu, giaboksi ikibaki garini.

Kwa mwenye Hiace au Hilux Surf yenye giaboksi aina ya A340E kuna jaribio zuri kuliko yote. Chomoa plagi ya solenoidi, endesha polepole mahali pasipo watu. Bila umeme, giaboksi hii ikiwa nzima hutoa gia ya 1 kwenye L, ya 3 kwenye 2, na ya 4 kwenye D, na rivasi kwenye R. Zote zikipatikana na zikashika bila kuteleza, mashine ya ndani ni nzima. Ugomvi wako ni na waya, solenoidi au kompyuta. Rudisha plagi, ufute misimbo.

Na ukiwa na jedwali la klachi la giaboksi yako, unaweza kuitaja iliyokufa kabla ya kugusa bolti. Kwenye hiyo A340E, klachi C2 hufanya kazi kwenye gia ya 3, ya 4 na rivasi. Gari likiteleza kwenye 3 na rivasi huku 1 na 2 ziko imara, ni C2. Rivasi ikifa lakini 3 iko sawa, na ukiweka L injini hailizuii gari kwenye mteremko, ni breki B3. Mtu anayekwambia "giaboksi yote imekwisha" bila ya kukuuliza ni gia zipi, hajapima.

Mwisho shusha sampu. Uji wa kijivu mwembamba kwenye sumaku ni kawaida. Vipande vyeusi kama majani ya chai ni pleti. Chembe za rangi ya dhahabu ni bushi. Vipande vya chuma vinavyokwaruza kidole ni beringi au planetari (seti ya gia zinazozungukana), na hapo swali la kununua giaboksi nyingine huja mbele ya lile la kufungua hii.

Mmoja ananiambia nibadilishe oili, mwengine ananiambia nikiibadilisha itakufa. Nani mkweli?

Oili mpya haiui klachi nzima. Gari linalokufa wiki moja baada ya kubadilishiwa oili lilikuwa linateleza tayari, ndiyo maana likapelekwa. Mwaga, badilisha filta, jaza. Rudia baada ya kilomita elfu moja ukitaka kuisafisha zaidi. Usikubali mashine ya kusukuma oili kwa presha kwenye giaboksi iliyokwisha kuwa na uchafu, kwa sababu uchafu uliolala kwenye sampu utapandishwa kwenye valvu bodi (bamba lenye njia na valvu za kuelekeza oili).

Giaboksi yangu inafunguka nyumbani?

Soma kibao cha gari chini ya boneti, mstari wa TRANS/AXLE. Ikiandikwa U340E, kama ilivyo kwa Probox na Fielder NZE121 nyingi, au A340E, una oto ya kawaida ya gia nne: klachi, planetari, pampu, valvu bodi. Hizi ndizo za mtu kujifunzia. Zina vitabu, zina seti za spea, na hazidai kompyuta ya kampuni baada ya kufungwa. Subaru za 4EAT na Demio za zamani za gia nne ziko kundi moja nazo kwa ugumu, au zinazidi kidogo.

Ikiandikwa K310 au K311, kama Fielder na Axio za 2006 hadi 2012 na Premio za kuanzia 2007, hiyo ni CVT. Magari ya four-wheel ya miaka hiyo hiyo huweza kuwa na kitu tofauti, kwa hiyo kibao kisomwe, usikisie kwa sura ya gari. Ndani ya CVT kuna mkanda wa chuma unaobanwa baina ya puli mbili kwa presha kubwa mno. Puli ikikwaruzwa haisuguliwi kwa msasa. Uso wake ndio mashine yenyewe. Nissan za X-Trail T31 na Note huongeza jambo: valvu bodi ina takwimu zake za kupimia, nazo sharti ziandikwe kwenye kompyuta ya giaboksi kwa mashine maalumu. Ukibadilisha bila kuandika, gari litashtuka na kuguguma hata kama spea zote ni mpya. CVT usiifungue nyumbani. Badilisha oili sahihi, badilisha solenoidi au sensa ikiwa ndiyo mbovu, lakini puli na mkanda zikiharibika tafuta giaboksi nzima.

Oto za gia tano na sita, kwa mfano A750F ya Prado 120, zinafunguka, ila si kazi ya kwanza ya mtu.

Je, ni nafuu kuifungua kuliko kununua ya eks-Japani?

Andika hesabu tatu ukiwa umekaa, si ukiwa na hasira. Ya kwanza: seti kamili ya spea, konvata, oili, vifaa usivyonavyo, na siku utakazokosa gari. Ya pili: giaboksi ya mkono wa pili kutoka Mombasa au Kirinyaga Road ya Nairobi, nauli yake, oili, na fundi wa kuifunga. Ya tatu: fundi wa oto aifungue kwa dhamana ya maandishi.

Kwa U340E ya Probox, ya mkono wa pili mara nyingi hushinda, kwa sababu zimejaa sokoni. Kufungua mwenyewe hupata nguvu mambo mawili yakikutana: tatizo limejulikana na ni dogo, kama klachi moja au sili zilizokauka, na gari si la kukuingizia riziki ya kila siku. Mwenye Hiace ya abiria ya Malindi na Mombasa asijaribu. Kazi ya kwanza huchukua wiki mbili hadi tatu ukihesabu kungoja spea, na gari lililosimama wiki tatu limeshakula bei ya giaboksi.

Ukinunua ya mkono wa pili, chukua yenye konvata yake. Linganisha msimbo wa kibao na idadi ya pini za plagi, nusa oili iliyobaki ndani, na uombe sampu ifunguliwe mbele yako. Muuzaji akikataa, huna haja ya kugombana naye. Nenda duka la pili.

Nahitaji vifaa gani zaidi ya spana?

Kitabu cha mtengenezaji cha giaboksi hiyo hiyo kwanza. Video za simu zinafaa kwa kuona mikono inavyokwenda, lakini vipimo havimo. Halafu: toki renchi ndogo inayosoma kuanzia nyutonimita 5, maana bolti za valvu bodi ni kama 10 tu na za sampu kama 7, na mkono uliozoea bolti za gurudumu utakata uzi wa alumini bila kuhisi. Plaizi za saklipi za ndani na za nje. Fila geji (vibamba vya kupimia nafasi nyembamba), vania (ya kupimia unene na kina), na rula iliyonyooka. Kompresa yenye kichungi cha maji. Kifaa cha kubana springi za pistoni. Jiklampu na kipande cha bomba lililokatwa dirisha huweza kuifanya kazi hiyo, lakini springi zile zikiruka hutoboa jicho, basi vaa miwani.

Ya kushushia: stendi mbili imara, jeki ya chini, na cheni bloku au boriti ya chuma ya kukaa juu ya tundu la injini. Kwenye gari la kuvuta mbele, giaboksi ni nguzo ya injini. Ukiitoa, injini lazima iwe imening'inizwa kutoka juu. Giaboksi ndogo ya Toyota na konvata yake huzidi uzito wa mfuko wa saruji wa kilo 50, na haina pa kushika. Usiipokee kwa kifua.

Nyumbani kwangu ni mchanga na banda la makuti. Panafaa?

Kushusha giaboksi panafaa, ukiweka mbao pana za inchi mbili chini ya stendi, kwa kuwa mchanga huzama upande mmoja bila ya kukuarifu. Kuifungua hapafai. Makuti hudondosha vumbi na vipande siku nzima, na msimu wa kusi upepo huleta mchanga na chumvi hadi ndani ya kikombe cha chai. Nafasi baina ya valvu na tundu lake kwenye valvu bodi ni nyembamba kuliko unywele. Punje moja ikikaa hapo, gia ya 2 haipatikani.

Tafuta chumba chenye mlango na sakafu ya saruji. Funga madirisha ya upande wa upepo, tandika meza kwa kadibodi safi, kila ukiondoka funika kwa shuka lisilotoa nyuzi. Usifute vipande kwa tambara la kanga kuukuu, pamba yake huziba vichujio vya solenoidi. Osha chuma kwa mafuta ya taa, kausha kwa upepo wa kompresa, kisha paka oili ya giaboksi papo hapo. Hewa ya hapa hutia kutu chuma kitupu usiku mmoja.

Seti ya spea ina nini, na ina upungufu gani?

Seti ndogo ni gasketi, oringi na sili. Seti kamili huongeza pleti za klachi, pleti za chuma na filta, wakati mwengine na pistoni. Karibu zote hazina bushi, solenoidi, konvata, wala planetari. Usiagize kabla ya kuifungua na kuona, isipokuwa seti ndogo, ambayo utaihitaji kwa vyovyote. Na pleti za klachi zisihifadhiwe wazi. Karatasi yake hunyonya unyevu.

Ni wapi watu hukosea wakati wa kuifunga?

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo soma mara mbili.

Wakati wa kufungua, piga picha kila tabaka kabla ya kuligusa, ukiweka kidole kuonyesha upande wa juu. Beringi za bapa na washa zake zina upande. Ukizigeuza, mhimili wote hupata mchezo au hubana. Panga vitu kwenye meza kwa safu, kila dramu (kikombe cha chuma kinachobeba klachi) na saklipi yake mwenyewe, kwa kuwa saklipi na pleti za mwisho hutofautiana unene na ndizo zinazopimia nafasi ya klachi.

Valvu bodi ina vigololi vidogo vya mpira au chuma. Ukiitenganisha, ishike sahani ya kati pamoja na upande wa chini, iweke kwenye sinia, kisha inua polepole. Kigololi kikiviringika chini ya kabati, huna giaboksi. Ikiwa jaribio lako la mwanzo lilionyesha valvu bodi ni nzima na oili haikuungua, usiitenganishe kabisa. Ioshe ikiwa moja.

Pleti mpya ziloweke kwenye oili ya giaboksi. Vitabu vya Toyota vya zamani vinataka angalau dakika 15, vya baadaye saa mbili. Kuziacha usiku kucha hakuna madhara. Pleti kavu huungua mara ya kwanza kuguswa na chuma.

Sili za pistoni zenye mdomo ndizo muuaji mkubwa wa ovaholi za nyumbani. Mdomo hujikunja ndani wakati pistoni inaingia, huioni, na klachi ile haitashika kamwe. Paka oili, ingiza kwa kuizungusha kidogo kidogo, na uupitishe mdomo kwa kitanzi cha mshipi mwembamba wa nailoni, ule wa kuvulia. Bisibisi ni haramu hapa. Pete za teflon zikishanyooshwa ili ziingie, zibane kwa bomba laini hadi zirudi kipimo chake.

Cha kushikiza oringi na washa zisidondoke ni mafuta ya mgando yasiyo na marashi. Grisi ya beringi haiyeyuki kwenye oili, nayo huishia kwenye solenoidi. Silikoni ipakwe pale tu kitabu kinaposema, kwa uzi mwembamba. Ile tabia ya kupaka mpaka inatokeza pande zote huacha minyoo ndani inayotafuta filta.

Kila dramu ikishafungwa, pima nafasi ya klachi kwa fila geji na ulinganishe na kitabu. Ikizidi, kuna pleti za mwisho nene zaidi. Kisha ipulize: tia upepo wa psi 50 hadi 60 kwenye tundu la oili la klachi hiyo. Utasikia kishindo kizito cha pistoni kushika, na ukiondoa upepo, kishindo cha kurudi. Ukisikia mluzi tu, sili imekatika. Pulizia tena kila klachi giaboksi ikishakamilika kabla ya valvu bodi kupanda. Jaribio hili ni la dakika 10, na anayeliruka ndiye anayeshusha giaboksi mara ya pili.

Mwisho ni konvata. Tia oili ndani yake, kiasi cha lita moja, kisha uiingize kwa kuizungusha na kuisukuma. Itadondoka hatua mbili au tatu, kila mara ikilia "tok". Usiamini sikio pekee. Weka rula juu ya uso wa ganda, pima kwa vania hadi kwenye masikio ya bolti za konvata, ulinganishe na kitabu. Isipoingia yote, giaboksi haitakutana na injini. Kutabaki uwazi wa kidole, na mtu mwenye haraka ataufunga kwa kukaza bolti. Hapo pampu hupasuka kabla gari halijawashwa. Giaboksi na injini zikutane kwa mkono, bila kulazimishwa na bolti hata moja, na konvata ibaki ikizunguka kwa uhuru.

Konvata ya zamani naweza kuirudisha?

Ikiwa oili haikuungua na ulifungua kwa ajili ya sili, ndiyo: imwage, ioshe kwa oili safi mara kadhaa. Ikiwa klachi ziliungua, hapana. Imeshonwa kwa welding, haifunguki kwa spana, na uchafu mwingi umelala ndani yake. Tafuta iliyokatwa na kuundwa upya, au mpya.

Na radieta?

Oili hupozwa ndani ya radieta au kwenye kipoza chake. Uchafu uliobaki humo utarudi kwenye giaboksi mpya dakika ya kwanza. Sukuma mafuta ya kusafishia kinyume cha mwendo wa kawaida, kisha upepo, hadi yatoke safi. Gari likishawashwa, chomoa bomba la kurudi, liingize kwenye chupa: injini ikiwa katika mwendo wa kusimama, lita moja ipatikane ndani ya nusu dakika hivi. Ikidondoka kama bomba la mferejini saa ya mgao, kipoza kimeziba, kibadilishe.

Nilivuka maji ya mafuriko, oili imekuwa kama maziwa. Niibadilishe tu?

Mvua za masika zikijaza Sabaki na mabonde ya Tana, maji huingia giaboksi kupitia bomba lake la kupumulia au la dipstiki. Ukigundua siku ile ile kabla ya kuendesha, mwaga na ujaze mara mbili tatu hadi oili itoke nyekundu safi, una nafasi. Ukiendesha siku kadhaa, maji yamekwisha kuilegeza gundi inayoshikilia karatasi ya pleti, na itabanduka baadaye hata oili ikiwa mpya. Ikiwa hukupita majini, chanzo ni radieta iliyotoboka ndani, maji ya injini yanachanganyika na oili. Radieta kwanza, giaboksi baadaye.

Gari limekwama Garsen. Naweza kuvutwa kwa kamba hadi Malindi?

La kuvuta mbele, usivute magurudumu ya mbele yakiwa chini. Pampu ya oili huzungushwa na injini. Injini ikizimwa, hakuna oili inayopanda na bushi hukauka zikizunguka. Liinuliwe mbele, au lipakiwe lori. La kuvuta nyuma kama Hiace, ng'oa propela shafti, kisha vuta. Kwa walio Mokowe ni zaidi ya kilomita 200 hadi Malindi, basi mara nyingi ni rahisi kushusha giaboksi pale pale na kuipakia peke yake.

Nitie oili gani, kiasi gani?

Ile iliyoandikwa kwenye kitabu au dipstiki: T-IV kwa Toyota nyingi za zamani, WS kwa zilizofuata, na CVT zina zake, TC au FE kwa Toyota, NS-2 au NS-3 kwa Nissan. Usichanganye T-IV na WS kwa sababu zote ni nyekundu. Kumwaga sampu ya oto ndogo hutoa lita 3 hivi. Giaboksi kavu na konvata yake hula lita 6 hadi 7. Nunua 8, maana utamwaga za kuoshea. Zisizo na dipstiki hupimwa kwa bolti ya kufurikia, oili ikiwa na joto lililotajwa kitabuni, mara nyingi kati ya nyuzijoto 35 na 45. Hapa Malindi mchana wa Februari oili hufika hapo upesi, kwa hiyo anza asubuhi.

Safari ya kwanza iweje?

Tia lita 4, washa, ongeza papo hapo hadi ifike alama ya baridi. Gari likiwa kwenye stendi, pitisha gia zote na utazame uvujaji. Ukiweka D au R na isishike ndani ya sekunde mbili, zima. Usikanyage mafuta kuilazimisha. Ikishika, zunguka mjini, kisha nenda Gede na kurudi bila kukanyaga sana, soma misimbo, pima oili ikiwa moto. Badilisha oili tena baada ya kilomita 500 na utazame sumaku. Mombasa ingoje.

Nikikwama katikati, fundi ataipokea?

Atakunja uso, lakini atapokea ikiwa umeleta vyote. Panga kila dramu kwenye mfuko wake wenye maandishi, picha kwenye simu, na useme kweli ni nini umekigusa. Asichokitaka fundi yeyote ni beseni moja lenye giaboksi nzima ndani yake.

Oili chafu niitupe wapi?

Si kwenye mchanga. Visima vya hapa ni vifupi na maji matamu yameelea juu ya ya chumvi; mji wa Lamu hunywa maji yanayohifadhiwa na vilima vya mchanga vya Shela. Irudishe kwenye madumu yake na uwape gereji wanaokusanya oili chakavu.